Majibu ya Bi Zaituni

Damu ukiizungusha kwenye mashine dakika kumi
hujitenga yenyewe, kama watu baada ya maziko:
nyekundu chini, nzito, kimya,
na juu yake maji ya manjano,
meupe kiasi cha kusomea gazeti kupitia kwake.
Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Yake ilitoka tui.
Tui la kwanza, zito,
lile mama alilolikamua kwa kifumbu kule Makorora
akinipiga vidole nisilionje.
Nikaisoma karatasi niliyoibandika mwenyewe:
Zaituni Shekalaghe, miaka hamsini na miwili,
hajala tangu jana saa mbili usiku.

Nani Ngamiani asiyemjua?
Barabara ya Nane, kona ya fundi redio,
karai, makaa, mihogo iliyochanwa kama kuni,
na yeye nyuma ya moshi,
mwembamba hata kanga humzunguka mara mbili ikabaki.
Wanene ni sisi wateja.
Mkanda wangu nimeutoboa tundu la tatu kwa msumari wa moto,
na damu yangu, niliyoipima kwa siri zamu ya usiku,
unasomea gazeti.

Kitambi hukaa barazani, kila mpita njia akakisalimu.
Lehemu ni mpangaji wa chumba cha ndani:
halipi, hakohoi,
utamjua siku anayovunja mlango.

Daktari alimweleza kwa namba.
Akaja dirishani kwangu nimweleze kwa Kiswahili.

"Mimi sili ninachokaanga. Moshi wenyewe hunishibisha.
Nakunywa chai tu."
Na nini?
"Na vile vipande vilivyovunjika, haviuziki."
Sukari?
"Vijiko vinne. Si ndiyo chakula chenyewe?"
Na mafuta?
"Ya dumu. Jumatatu dhahabu, Jumatano kahawa,
Ijumaa yanatoa povu.
Jumamosi naongeza mapya juu yake."
Kama kuipaka chokaa nyumba iliyoungua,
nikawaza, nisiseme.

"Basi nitumie yapi?"

Hapo nikajikwaa.
Nikamwambia yanayoganda kwa baridi huelekea kuipandisha,
ya alizeti, ya ufuta, huishusha kidogo,
na yaliyochoshwa na moto hayana wema kwa mtu.
"Na nazi?"
Nazi nayo huganda, Bi Zaituni.
Nilisema kwa sauti ya chini, nikitazama mlango.
Sikutaka kuwa mtoto wa Tanga
anayetoa ushahidi dhidi ya nazi.

"Alizeti lita shilingi ngapi?"
Nikamtajia.
Akahesabu kwa vidole vyenye makovu ya matone ya moto.
"Kipande nauza mia mbili. Nikipandisha, wanahamia kwa jirani."
Akanyamaza.
"Sasa huo moyo, nani ananilipia?"

Nikatafuta mzaha: jina lako lenyewe ni mafuta.
"Babu alilipata msahafuni," akasema.
"Chupa yake sijawahi kuishika."

Kichupa chake nilikilaza kwenye jokofu.
Asubuhi utando umepanda juu, mweupe, mnene,
na chini yake maji yameng'aa.
Tui likilala, zito huja juu:
mama aliujua ugonjwa huu kwa jina la mapishi,
na utando ule angeuchota kwa kijiko
akaumwagia samaki.

Juma lililofuata nilipita kona ya fundi redio.
Karai lipo. Pembeni yake sufuria jipya,
mihogo ya kuchemsha, chumvi, ndimu, pilipili ya kusaga.
Wateja wa karai, foleni.
Wa sufuria, mzee mmoja asiye na meno, na mimi.

Chai yake iko juu ya kigoda. "Viwili," akasema
kabla sijauliza.

Nikatafuna polepole. Muhogo wa kuchemsha
hauna sauti mdomoni,
na upepo ukageuka, ukaleta harufu ya karai,
ikaniita kwa jina langu
na la baba yangu.